Kamera ya Asina

Wenzangu wa atelie, karakana yetu ya shule, siku ya kuniaga mlinipa kiti cha plastiki na hotuba tatu, halafu mkaniomba niandike kidogo juu ya kazi ili vijana wasianzie kwenye sifuri. Kiti ninakikalia sasa hivi. Hotuba nimezisahau, mnisamehe, ya mkurugenzi ilikuwa ndefu. Maandishi ndiyo haya. Mambo ya kupanda cheo na ya mshahara nitayaruka, maana hayakunifundisha kitu. Nitaandika juu ya vyombo, juu ya mtu aliyenifundisha, na juu ya kamera moja. Kwa kweli ni kwa ajili ya ile kamera tu nilikubali kuandika. Kama si hiyo, ningewaambia macho yananiuma.

Nilianza kazi kwenye chumba cha foni cha misioni, hapa hapa Kasongo. Foni ni ile redio kubwa tuliyokuwa tunazungumzia na watu wa mbali, kabla ya simu zenu za mfukoni. Asubuhi na alasiri watu wa Kabambare, wa Nyangwe na wa Kindu walikuwa wanaitana humo, na sisi tunaandika habari zao kwenye daftari: nani amejifungua, nani amefariki, dawa gani imekwisha. Fundi wa chumba kile alikuwa Mzee Kalonda, mtu mfupi, mkali, mwenye masikio makubwa tuliyoyacheka pembeni. Siku yangu ya kwanza hakunipa hata turnevisi, bisibisi ya kufungulia skrubu. Alinipa kitambaa, akaniambia nifute vumbi, na nilifuta vumbi kwa majuma matatu. Nilikuwa na diploma mpya kabisa mfukoni, nikaona ananidharau. Baadaye nilielewa kwamba anayefuta vumbi kila siku anajua kila waya inapopita.

Mzee Kalonda alikuwa na sheria nyingi, lakini ile aliyotupigia nayo kelele zaidi aliiita kurudisha neno. Mtu akikuambia kitu kwenye foni, usiandike mpaka umemrudishia, na umrudishie kwa neno lingine. Si lile lile. Lile lile mnaweza kulikosea wote wawili na mkaagana kwa furaha. Sheria hiyo ilitokana na padri mmoja wa Kabambare aliyeomba misumari ya paa la kanisa. Karani aliyekuwapo kabla yangu akaandika misumeno. Lori likahangaika njiani siku nyingi, likafika na misumeno kumi na miwili mizuri sana, na waamini wakasali chini ya mvua msimu wote.

Kila nilipoandika haraka, Mzee Kalonda alinigonga kichwani na kalamu na kunikumbusha misumeno. Karani yule angeuliza tu, "ya kupigilia mbao?", na kanisa lingepata paa. Ni maneno matatu. Nilimwona mzee msumbufu.

Vita vilipofika, foni iliibwa na mlingoti wake ukaangushwa kwa ajili ya chuma. Mimi nilizika multimetre yangu, kile kipimo cha umeme, ndani ya mfuko wa plastiki, chini ya mihogo ya mama. Nilipoichimbua kioo kilikuwa na ufa, lakini sindano bado ilikuwa inacheza. Mzee Kalonda naye tulimzika miezi ile ile, kwa homa tu, homa ambayo leo ungeitibu kwa vidonge vya siku tatu. Nilirithi kitambaa chake na chuma chake cha kulehemu. Sheria zake nilidhani nimezirithi pia.

Shule ya ufundi ilipofunguliwa tena walitafuta mwalimu wa elektroniki. Tuliobaki tunaojua kazi hiyo tulikuwa wawili, na mwenzangu alikuwa amehamia Nyangwe kuuza samaki na hakutaka kusikia tena habari za waya. Basi mimi nikawa Prof Donati. Siku ya kwanza darasani nilikuta wanafunzi thelathini na wanne na turnevisi moja. Niliwapa kitambaa. Walinichukia kama nilivyomchukia Kalonda, nami nikajua tumeanza vizuri.

Mara nyingi waliniita na nje ya shule. Kesi ninayopenda kuwasimulia vijana ni ya friji ya chanjo, kwenye kituo cha afya karibu na Nyangwe. Asubuhi friji inafanya kazi, mchana inakufa, jioni inafufuka. Mafundi wawili walikuwa wamekwisha kupita, mmoja akabadilisha batri, mwingine akabadilisha waya zote, na bado. Mimi nilikuja na multimetre yangu, nikaomba kiti, nikakaa nje kutwa bila kufungua kitu. Muuguzi alianza kuniangalia vibaya. Saa sita jua lilipokuwa kali, mke wake alitoka na beseni la mashuka mabichi, akapanda kwenye kigogo na kuyatandika juu ya sahani za sola, kwa sababu pale ndipo panapokausha haraka. Nilichotengeneza siku ile ni kamba ya kuanikia nguo. Chanjo hazikuharibika tena, na mimi nikapata jina kubwa kwa kazi ya kamba.

Ninawasimulia haya ili mwone kwamba kazi niliijua. Mtu asije kusema kwamba Prof Donati hakujua kazi. Nilikuwa ninajua kuangalia, ninajua kusubiri, ninajua kuuliza. Ndiyo maana jambo la Asina linanikata maini hadi leo.

Asina alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, na mimi pia nilikuwa kwenye mwaka wangu wa mwisho. Ni mtoto wa Kabambare, wa familia ya Kiislamu inayolima kule. Baba yake alikufa mapema. Mama yake ndiye aliyebaki na shamba, na kaka yake mkubwa, Shabani, akashuka Salamabila kuchimba dhahabu. Asina hakuwa msemaji. Akiinua mkono darasani nilijiweka tayari, maana swali lake lilikuwa linafika mahali ambapo hata mimi nilikuwa sijafagia. Wenzake walipochagua kazi ya kumaliza shule, huyu akaleta kengele ya mlango, yule akaleta chaja. Asina akasema anataka roboti ya kuingia shimoni kabla ya watu. Kila mvua kule mashimo yanaanguka, na Shabani alikuwa akimtania kwamba badala ya kusoma karatasi tu, amtengenezee mashine ya kumtangulia chini. Wenzake walicheka. Yeye hakucheka, na mimi nikampa meza ya dirishani.

Mwili wa ile roboti ulikuwa nusu ya bidoni, dumu la plastiki la njano. Magurudumu yalikuwa ya mbao yaliyovikwa mpira wa ndani wa pikipiki. Mota zilitoka kwenye gari bovu, zile za kufutia kioo cha mbele, na mbele iliwekwa kamera ya gari lile lile, ile inayomwonyesha dereva anaporudi nyuma. Chini ya kamera kulikuwa na taa mbili ndogo. Nyuma ilivuta waya mrefu uliokwenda hadi kwenye ekra, kioo kidogo cha picha, na hapo mwendeshaji anakaa na kuangalia. Umeme wote ulitoka kwenye batri moja ya pikipiki, iliyobaki nje kwa mwendeshaji. Haikuwa nzuri kwa macho. Mkurugenzi alipoiona aliuliza kama ni ya kubebea maji.

Ugonjwa wake ulikuwa kwenye kamera. Roboti ikisimama, picha safi, unaona hadi vidole vya miguu yetu. Mota zikianza kuzunguka, mistari inajaa kwenye ekra, halafu giza. Wanafunzi wakasema kamera imekufa, itafutwe nyingine Bukavu. Nilikataa. Kamera haifi kwa kutembea na kufufuka kwa kusimama. Kitu kinachokufa na kufufuka kina sababu, kama friji ya Nyangwe. Tulianza kwenye waya, tukautingisha kipande kwa kipande. Waya ulikuwa salama. Tukasafisha fishi, zile ncha za kuchomekea, kwa wembe na limau. Mistari ilibaki pale pale. Juma likaisha hivyo, na Asina akaenda nyumbani ameinamisha kichwa.

Jumamosi nilikwenda kwenye atelie peke yangu. Karatasi za kustaafu zilikuwa zimefika juma lile, na nyumbani nilikuwa ninazunguka tu na kumchosha mke wangu. Nikaiweka multimetre kwenye waya za kamera, nikabana gurudumu kwa magoti ili mota ifanye kazi ngumu, nikaangalia sindano. Ikaanguka. Mota zilikuwa zinakula umeme wote, kamera inabaki na njaa. Ni jambo dogo ambalo Asina angelipata Jumatatu kwa swali moja. Ningeandika kwenye karatasi na kumwachia. Lakini nilitaka mikono yangu ifanye kazi moja safi kabla haijawekwa kando, na nilitaka kuifanya mimi. Nikatafuta batri ndogo ya taa ya sola, nikaificha ndani ya bidoni kwa ajili ya kamera peke yake, nikalehemu, nikavuta waya ukanyooka vizuri, nikafunika kila kitu na kipande cha plastiki iliyoyeyushwa. Mota na taa zikabaki kwenye batri kubwa. Ilipendeza kuiangalia. Niliiwasha na kuizima mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Jumatatu nilimkabidhi Asina mbele ya darasa. Roboti ilitembea kutoka mlangoni hadi ubaoni na picha haikutikisika. Nilimwambia, "Sasa iko nzima." Darasa likapiga makofi. Asina akauliza nimefanya nini, nami nikasema nitamwonyesha baada ya likizo, tutaifungua pamoja. Ilikuwa siku ya mwisho kabla ya likizo na kila mtu alikuwa na haraka. Alifunga roboti kwenye pikipiki, akaenda nayo Kabambare kumsalimia mama yake, halafu akashuka Salamabila kuijaribu kwenye shimo la zamani pamoja na kaka yake. Hakujua kwamba ndani kuna batri mbili.

Juma la pili la likizo, shimo alimokuwa anafanya kazi Shabani likaanguka. Ndani walikuwa watu watatu: Shabani, rafiki yake aliyeitwa Idi, na mwenzao wa tatu. Shimo lile lilikuwa na midomo miwili, mdomo mpya ambamo waliingilia, na mdomo wa zamani upande wa pili, mwembamba, usiopitisha bega la mtu mzima. Udongo ulianguka katikati. Hakuna aliyejua wamebanwa upande gani, na miti ya kushikilia udongo ilitosha kwa upande mmoja tu. Mwenye shimo, wao wanamwita pedeje, alikuwa na uamuzi wa kufanya na hakuwa na pa kuushika. Asina akamwambia atapeleka roboti kwenye mdomo wa zamani. Ikiwaona, wachimbe hapo. Pedeje akakubali.

Mwanzo picha ilikuwa safi. Asina aliona kuta, aliona koleo limelala. Halafu, ndani sana, ekra ikawa nyeusi. Mota zilikuwa bado zinazunguka, na ukichungulia mdomoni uliona mwanga wa taa kwa mbali. Akaangalia batri, ile kubwa aliyoijua. Sawa. Akaangalia fishi na waya za upande wake. Sawa. Basi akapanda mlima, mahali pekee penye rezo, mtandao wa simu, pedeje akimfuata, akanipigia simu.

Ilikuwa alasiri. Nilikuwa barazani ninachambua maharage na mke wangu. Sauti ya Asina ilikuja vipande vipande, kama zinavyokuja sauti zote za kule. Alinieleza shimo limeanguka, yaya yake, ndiye kaka yake mkubwa, iko ndani, roboti imeingia. Yote hayo niliyasikia. Halafu akasema, "Prof, tuko tunaona weusi tu. Kamera," na hapo upepo au rezo ikala kipande, nikapata mwisho wake: "zima."

Nilimuuliza kama mataa inawaka. Akasema inawaka. Nilimuuliza juu ya waya. Akasema iko sawa. Nikavuta pumzi, nikamwambia kwa upole, kama unavyomwambia mtu habari mbaya, "Basi, mutoto wangu, kama iko vile, hakuna mutu mule."

Simu ikakatika.

Nilimwambia mke wangu kwamba kamera inafanya kazi, ila yule kijana hayuko upande ule, maskini. Nikarudi kwenye maharage. Na nitaandika hata hili, kwa sababu nimeamua kuandika yote: nilimhurumia Shabani, lakini chini ya ile huruma nilikuwa ninaona raha kidogo kwamba kazi yangu imestahimili barabara ya Kabambare. Mungu anisamehe. Kamera yenye afya na taa zinazowaka ingeonyesha hata ukuta, hata jiwe. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeniuliza hilo. Mimi sikujiuliza.

Siku tatu hakukuwa na habari. Ya nne mkurugenzi alikuja nyumbani kuniambia Shabani amekufa. Wachimbaji walikuwa wamechimba mdomo mpya siku mbili, hawakukuta kitu ila udongo, ndipo wakarudi kwenye mdomo wa zamani. Huko ndiko waliwakuta wote watatu. Idi alikuwa anapumua bado. Wawili walikuwa wamekwisha.

Asina alirudi shuleni baada ya kilio. Aliingia atelie na roboti begani, imejaa tope jekundu, akaiweka juu ya meza yangu na kukaa kwenye kiti cha mwanafunzi. Nilimpa pole. Aliitikia. Nilichukua kisu, nikakata ile plastiki yangu nzuri, na sikuhitaji hata multimetre. Waya mwekundu wa batri ndogo ulikuwa umeng'oka pale nilipolehemu. Nyie wote mnajua ninavyowafundisha: achia waya ulegee kidogo, barabara zetu zinatingisha. Mimi nilikuwa nimeuvuta ukanyooka ili upendeze. Niliugusisha kwa kidole. Ekra ikawaka, tukaona dari ya atelie.

Aliiangalia ile dari muda mrefu. Halafu akauliza kama ndiyo hiyo tu. Nikasema ndiyo hiyo tu, kazi ya dakika tatu, na kwa ujinga wangu, kwa kutafuta pa kujiegemeza, nikamuuliza kwa nini hakuniambia kwamba kamera imekufa.

"Nilisema," akasema Asina. "Nilikuambia, kamera imezima."

"Mimi nilisikia iko nzima."

Ninyi wasemaji wa Kiswahili mnaona wenyewe. Kitu kikiwa na afya tunasema ni kizima, kikikata pumzi tunasema kimezima. Neno ni lile lile, kinachotofautisha ni kichwa chake tu, na kichwa ndicho kilichoanguka njiani kati ya Salamabila na Kasongo. Nilipewa mkia, nikajaza kichwa mwenyewe. Nilijaza kile nilichokuwa ninakipenda, maneno yangu ya Jumatatu ile mbele ya darasa. Kama ningemrudishia neno, kama ningeuliza tu, "inaonyesha picha?", Asina angejibu hapana, nami ningemwambia avute roboti nje, akate ile plastiki na kugusa waya mwekundu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mkuu wangu nilimsikia miaka yote, siku moja tu sikumsikia, na guu lililovunjika halikuwa langu.

Nilimuuliza kwa nini hakubisha. Alinieleza bila hasira, na ningependa hasira. Simu ilikuwa kwenye sauti kubwa ili pedeje asikie. Aliposikia mwalimu amesema hakuna mtu, pedeje hakungoja lingine, akateremka mlima huku akiwaita vijana wahamishe miti. Asina alimkimbilia, akamwambia Prof hakuelewa, kamera haioni, weusi ule si wa shimo. Pedeje akamjibu kwamba sikio halipite kichwa. Mwalimu wake amesema, yeye mtoto wa shule anajua kuliko mwalimu wake? Asina akapanda tena mlima kunipigia. Rezo ilikuwa imekwenda, na haikurudi hadi kesho yake jioni. Miti ilipoondolewa, hakuna aliyeruhusiwa tena kusogelea mdomo wa zamani. Wakavuta waya, roboti ikatoka kinyumenyume, taa zikiwaka.

Halafu akaniambia yale aliyoyasema Idi.

Idi alisema waliiona. Walikuwa wamekaa gizani wote watatu, miguu ya Shabani ikiwa imebanwa na jiwe, wakaona taa mbili zinakuja polepole, chini chini. Zikasimama karibu, hatua kama sita hivi. Waligonga mawe. Waliita. Shabani alicheka, akawaambia, "Ni mashine ya mudogo wangu. Wanakuja." Taa zikabaki pale kwa muda, zikiwaangalia. Baadaye zikaanza kurudi nyuma, zikarudi, zikarudi, giza likafunga. Waliambiana kwamba imekwenda kuwaleta watu. Shabani aliishi siku ile na iliyofuata, akiuliza kila mara kama kuna anayesikia chuma cha wachimbaji. Hewa ndiyo iliyomshinda.

Asina alipomaliza kusema hayo alichukua kitambaa mezani, akaanza kufuta tope kwenye roboti. Nililia mbele yake. Sikumbuki kama niliwahi kulia mbele ya mwanafunzi kabla ya siku ile.

Mwezi uliofuata nilikwenda Kabambare. Mke wangu hakutaka, kwa nyonga yangu hii na barabara ile, lakini niliona kuna jambo ambalo halipelekwi kwa simu. Nilikaa nyuma ya pikipiki siku mbili. Mvua zilikuwa zimekata njia, mara kumi tulishuka na kusukuma. Njia yote nilikuwa ninaipanga sentensi moja kichwani, ninaifupisha, ninaondoa kila neno la kujitetea. Tulipofika nilikuwa nayo imebaki fupi kabisa: Mama, ni mimi niliyesema hakuna mutu mule.

Mama yake Asina ni mwanamke mwembamba, mwenye sauti ya chini. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka ndani ya nyumba, Asina pembeni yake. Nilimpa pole ya msiba, akanikaribisha, akauliza habari za Kasongo na za safari, kama desturi inavyotaka. Nilijibu yote. Nilipoona yamekwisha, nilisafisha koo, nikasema nimekuja juu ya ile mashine. Akainua mkono kidogo. Alisema naye alikuwa na swali juu ya ile mashine, na hakupenda kumuuliza Asina, maana kila akimuuliza mtoto anatoka nje.

"Prof, ilifika kwake?"

"Ilifika, mama."

"Aliiona?"

Nilimwangalia Asina. Alikuwa ameinamia mkeka.

"Aliiona," nikasema. "Alisema ni ya mudogo wake. Alisema mnakuja."

Mama alifunga macho. Alikaa hivyo, midomo ikicheza bila sauti, halafu akajifuta uso kwa pembe ya kitenge. "Basi hakufa akizani tulimuacha," akasema. Akasogea mbele kwenye mkeka, akanishika mikono yote miwili, akaigeuza na kuiangalia, akanishukuru kwa kumfundisha binti yake kutengeneza kitu kile. Alisema tangu siku ya maziko ndiyo mara ya kwanza kifua chake kinapata nafasi. Alisema Mungu anipe uzee mwema.

Asina alikuwa ameinua kichwa. Alikuwa ananiangalia mimi tu, anangoja. Sentensi yangu ilikuwepo mdomoni, yote, kila neno mahali pake, na pale pale ikabaki.

Asina akasimama, akaleta ugali na sombe, ile mboga ya majani ya mihogo, akaleta na birika. Nilinyoosha mikono, akanimwagia maji. Nikanawa, nikala.